Maoni Yangu: Kiongozi wa Wakristo Asijifiche

Na Mwanachama wa Kidato cha 3

Naomba unisome kwa subira, kwani ninayotaka kuyasema hapa si rahisi kuyasema. Mhariri wa jarida letu aliniuliza mara mbili kama kweli nataka yachapishwe.

Mimi ni mwenyekiti wa Chama cha Wakristo hapa shuleni. Nilichaguliwa muhula wa kwanza mwaka huu. Nyinyi mnaomkumbuka mwenyekiti aliyenitangulia mnajua nilikuwa na kibarua gani. Ndugu yule alikuwa na sauti ya radi. Akianza kuomba, hata wale waliokuja mkutanoni ili kukwepa kufagia madarasa walinyamaza kimya. Mimi nikisimama mbele ya watu magoti hunigongana na maneno hunikwama kooni. Basi nikaamua kumwiga. Usiku nilikuwa nakariri vifungu, na Ijumaa napandisha sauti na kuishusha kama yeye. Hata kikohozi chake nilikichukua!

Lakini hilo la sauti ni dogo. Kubwa ni hili la chakula.

Sisi wa shule ya kutwa hulipia chakula cha mchana, na asiyelipa hapangi foleni. Muhula wa pili mambo ya nyumbani yaliharibika. Baba alikosa kazi na pesa za chakula hazikupatikana. Siku ya kwanza kengele ilipolia, nilibaki darasani nimefungua Biblia. Msichana mmoja wa darasa letu akaniuliza, "Wewe, huendi kula?" Nikajibu bila kufikiri, "Nimefunga." Akanitazama kwa heshima, akaenda zake. Kufikia Ijumaa chama kizima kilikuwa kimesikia kwamba mwenyekiti amefunga wiki nzima akiombea shule. Nikaombwa nifundishe juu ya kufunga. Nami nikafundisha, jamani! Nilisoma pale katika Mathayo 6 Bwana Yesu anapowaambia wanaofunga wanawe uso, watu wasijue. Sikuona haya hata kidogo.

Kusema ukweli, nilikuwa na njaa tu, nikaipa jina la utakatifu. Niliogopa kwamba nikijulikana sina kitu, hakuna atakayenisikiliza.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Kulikuwa na mvulana wa kidato cha kwanza ambaye naye alianza "kufunga". Saa ya chakula alikuwa anakuja darasani kwetu, tunaomba pamoja. Mimi kichwa kikavimba, nikaona nimepata mfuasi. Wiki ya pili alianguka gwarideni asubuhi. Mwalimu wa zamu alipompa chai na mkate na kumhoji polepole, ikajulikana kwamba kwao pia hakukuwa kumelipwa chochote, na asubuhi alikuwa anatoka nyumbani bila kutia kitu kinywani. Alikuwa anaona aibu. Aliposikia kwamba mwenyekiti amefunga, akaona amepata pa kujifichia. Kumbe tulikaa pale siku nane, sote wawili tuna shida moja, na kila mmoja anamdanganya mwenzake mbele ya Mungu!

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naongeza kwamba kiongozi akificha wake, hata wafuasi wake hawazai. Watu hudhani anayejificha anajidhuru mwenyewe tu. Sivyo. Yule mvulana hakufundishwa kujificha na mtu mwingine. Alifundishwa na mimi.

Jioni ile nilimweleza nyanya yangu yote. Nyanya ni mmoja wa ndugu wa ule Uamsho ulioanzia Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika hapa Kenya mwaka wa 1937. Wakikutana kwenye ushirika wao, mtu husimama na kusema wazi alikosea wapi, awe mzee wa kanisa au mama wa kuuza mboga. Wao huita kutembea nuruni. Mimi nilikuwa nacheka mambo hayo, naona ni ya watu wa zamani. Nyanya akaniambia kwamba wakati mmoja alisimama kuungama kuwa alikuwa anatia maji katika maziwa aliyouzia majirani, na baadhi ya majirani hao walikuwa wameketi mbele yake. Nikamuuliza, "Walikuchukia, nyanya?" Akasema, "Wengine walinichukia, mjukuu wangu. Lakini kuanzia siku hiyo sikuogopa mtu yeyote njiani."

Ijumaa iliyofuata nilisimama nikawaambia wanachama kwamba sikuwa nimefunga, nilikuwa nimekosa pesa. Nilisema kwa sauti yangu hii hii inayotetemeka. Wengine walicheka. Msichana mmoja wa kidato cha nne alisema nijiuzulu kwa sababu nimesema uongo kwa kutumia jina la Mungu, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa na haki. Mwalimu mlezi wa chama akasema nibaki, lakini nimwombe yule mvulana msamaha mbele ya wote. Nikamwomba. Baada ya mkutano watu wanne walinifuata mmoja mmoja, kila mmoja akisema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye halili mchana. Watu wanne! Na sisi kila wiki tulikuwa tunaimba na kupiga makofi pamoja nao. Tangu hapo wanaoweza huongeza sahani, tunagawana githeri wawili wawili.

Kuna wanaosema kiongozi akitoa udhaifu wake nje atadharauliwa. Ni kweli, atadharauliwa na wengine. Mimi mpaka leo kuna wanaoniita "Bwana Kufunga" nikipita. Lakini hebu tazameni Biblia yenyewe. Habari ya Petro kumkana Yesu mara tatu imo katika Injili zote nne. Mtu aliyekuwa nguzo ya kanisa, na aibu yake inasomwa kila Pasaka! Paulo naye katika waraka wa pili kwa Wakorintho anasema wazi kuwa ana mwiba mwilini, kwamba aliomba mara tatu uondolewe, na haukuondolewa. Aliwaandikia hayo watu ambao baadhi yao walikuwa tayari wanamdharau. Mimi kama ningekuwa yeye ningewaandikia juu ya miujiza tu.

Hata hivyo sitaki mtu anielewe vibaya. Mwezi mmoja baadaye mwanachama mmoja alitueleza mkutanoni juu ya ugomvi wa wazazi wake. Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imezagaa hadi mferejini. Alilia sana na hajarudi chamani. Hilo linaniuma kuliko jina la "Bwana Kufunga", kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia watu wafunguke kabla ya kuwaambia wafunge midomo. Siku hizi nasema hivi: kosa lako liseme mbele ya wale uliowakosea, shida yako mwambie mtu unayemwamini, na siri ya mwenzako si yako kuitoa, hata kwa njia ya maombi. (Mnajua ile ya "tumwombee fulani kwa sababu...", halafu yanamwagika yote!)

Uchaguzi wa viongozi wapya ni muhula ujao. Nimesikia wawili wamekataa kupendekezwa, ati hawajui kuomba kwa sauti. Mmoja wao ndiye aliyeanzisha mambo ya kugawana sahani. Tafadhali pendekezeni majina yao.