Tafuteni Kilichoiua Injini ya Kwanza

"Usihangaike na injini iliyonoki. Nunua nyingine ya Japani, shusha, pandisha, gari jipya hilo." Kauli hii utaisikia gereji yoyote ya Dar es Salaam, na wenye Vitz, IST na Spacio za mwanzoni mwa miaka ya 2000 wameishika kama dini. Mimi nasema inawafilisi watu.

Jirani yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. IST yake iliponoki, alikopa VICOBA akanunua injini ya 1NZ iliyotumika. Wakaiwasha pale pale chini, kwa betri na kidumu cha petroli, ikanguruma vizuri kwa dakika tatu hivi. Siku mbili kazi ikaisha. Mwezi wa nne gari likazima njiani Kibaha, hedi imepinda, na mkopo haujafika hata nusu. Nilikuwapo fundi mwingine alipofungua rejeta: njia za maji zimejaa tope la kutu. Rejeta ni ile ile iliyoua injini ya kwanza. Hakuna aliyeigusa.

Injini za magari haya ni ngumu. Mara nyingi kinachoziua kiko nje yake: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, mpira wa maji uliochanika, mfuniko wa rejeta uliolegea. Ukipandisha injini nyingine na hayo yote yakabaki, umeipeleka ilikofia mwenzake.

Halafu kuna tamostati. Mafundi wengi huing'oa na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Huu ni uharibifu, na nausema wazi. Katika injini nyingi za Toyota kifaa hicho kikifunguka, kwenye nyuzi joto 82 hivi, huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukikitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inazunguka ikiwa na moto wake. Panda mlima na abiria wanne, AC imewashwa, utaona. Tena magari mengi ya namna hii hayana mshale wa joto, yana taa tu. Maji yakivuja yote, kihisio kinabaki hewani na taa nyekundu inaweza isiwake kabisa. Dereva anaendelea na safari akidhani yuko salama.

Sikatai kwamba kuna injini ya kubadilisha. Konrodi ikitoboa bloku, hakuna mjadala. Na 1NZ silinda zikishalika, sleevu zake za chuma ni nyembamba, hazikutengenezwa ili zichongwe upya. Nunua. Lakini mngurumo wa dakika tatu haukwambii kitu. Pima kompresheni ya silinda zote 4, uone kama zinakaribiana. Fungua mfuniko wa valvu: ukikuta oili imeganda kama lami, ondoka. Ikiwa bado chini, weka sili mpya ya nyuma ya kranki na pampu mpya ya maji, kwa sababu ikishapanda, sili hiyo utaifikia kwa kushusha giaboksi tena. Na namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari irekebishwe, usije ukakwama siku ya kuuza.

Ninachowadai mafundi ni kidogo. Kabla mteja hajatoa hata shilingi ya injini nyingine, mwonyesheni kwa macho kilichoiua ya kwanza. Mwalimu yule hakuonyeshwa. IST yake imefunikwa turubai uani, na yeye saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni anasubiri daladala, huku kila wiki akipeleka rejesho la injini ambayo haiwaki.