Mimba ya Wawili, Kesi ya Mmoja

Mimi leo naomba tuzungumze jambo zito kidogo, lile ambalo wapenzi wengi hulisema kwa kunong'ona: kutoa mimba.

Mada hii nimetoka nayo Katoro, mkoani Geita. Kwa asiyepafahamu, Katoro ni mji wa biashara kwenye barabara ya Geita kwenda Chato, na mapigo yake ya moyo ni dhahabu. Machimbo yakitema, mji unachangamka mpaka usiku wa manane. Yakikauka, mshikaji anafungasha begi anafuata rashi nyingine, na simu yake haipatikani. Nilikaa na akina dada wa saluni na mama lishe wawili watatu, nikawauliza swali moja: ikiingia mimba ambayo hamkuipanga, mwanaume anafanyaje? Wakacheka kwanza. Kisha mmoja akajibu kwa niaba ya wenzake: "Anakutumia hela kwenye simu, anaandika 'malizana nayo', halafu anaingia mitini."

Na wala tusiwaonee watu wa Katoro. "Malizana nayo" inaandikwa Sinza, inaandikwa Arusha, inaandikwa na vijana wenye digrii na tai shingoni. Anayeiandika anaamini kwamba akishatuma hela, yeye hayumo tena. Sheria haisemi hivyo.

Hebu tuifungue Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 150 kinamhusu mtu yeyote anayemfanyia mwanamke jambo kinyume cha sheria kwa nia ya kuitoa mimba: hadi miaka 14 jela. Cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe: hadi miaka 7. Cha 152 kinamhusu anayetoa au kutafuta dawa au kifaa chochote huku akijua kinakwenda kutumika kwa kazi hiyo: hadi miaka 3. Halafu kipo cha 22, ambacho kwa kosa lolote kinamhesabu anayesaidia au kushawishi kuwa mkosaji sawa na mtendaji. Kwa hiyo kaka yangu, ile hela ina kifungu chake, na ile meseji inaweza kuwa ushahidi.

Je, hakuna mlango kabisa? Upo, mwembamba. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Zaidi ya hapo sheria iko kimya. Haimtaji aliyebakwa, wala binti aliyepewa mimba na ndugu wa damu.

Hapo ndipo mjadala unapoanzia. Julai 2003, jijini Maputo, nchi za Afrika zilipitisha itifaki ya haki za wanawake. Kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi ziruhusu mimba itolewe kitabibu pale mwanamke alipobakwa, alipopewa mimba na ndugu yake wa damu, au mimba inapohatarisha uhai wake, afya yake ya mwili na akili, au uhai wa mtoto tumboni. Tanzania iliridhia mwaka 2007. Lakini kuridhia ni jambo moja, na kuingiza katika sheria za nchi ni jambo jingine. Kanuni ya Adhabu imebaki vilevile. Jirani zetu wa Kenya waliandika kwenye katiba yao ya 2010 kwamba mimba haitolewi isipokuwa mtaalamu wa afya akiona kuna dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu.

Wanaopinga wana hoja, na si watu wa kubezwa. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba uhai ni mtakatifu tangu mimba inapotungwa. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi huzungumzia siku 120, pale roho inapopulizwa, na wengi huutanguliza uhai wa mama ukiwa hatarini. Lakini hoja moja siikubali: kwamba kuigusa sheria hii ni kuukumbatia uzungu. Sheria yenyewe ni ya kizungu! Waingereza walituachia Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945, na mzizi wa vifungu hivi ni sheria yao ya 1861. Wao kwao walilegeza mwaka 1967, sisi tukabaki tunalinda urithi wao.

Na je, ukali huo umezuia? Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 pekee mimba 405,000 zilitolewa nchini. Kitaifa ni mimba 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa kuzaa. Zanzibar 11. Kanda ya Ziwa, ambamo Geita imo, 51. Wanawake 66,600 walitibiwa madhara yake mwaka huo, na karibu 100,000 waliopata madhara hawakufika hospitali. Wengine huogopa kwamba nesi ataita polisi, wengine hawana nauli, na wengine wanamsubiri yule aliyeingia mitini apokee simu.

Tazama pia jinsi sheria nzuri zinavyoweza kuzaa mambo ya ajabu. Tangu 2016, anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Vizuri sana. Lakini kwa mwanaume mwoga, tumbo la yule binti limegeuka ushahidi, na yeye ndiye wa kwanza kutaka lipotee. Na binti naye? Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi akizaa hatarudi shule ya serikali. Aliyetaka kusoma akabaki na chaguo lipi? Novemba 2021 serikali ilifungua mlango arudi darasani. Anayetaka mimba chache zaidi zitolewe angepaswa kushangilia siku ile, hata kama anapinga mengine yote.

Msimamo wangu ni huu. Kwa aliyebakwa, na kwa aliyepewa mimba na ndugu yake wa damu, nchi ilishatoa neno lake mwaka 2007. Bunge lilitimize kwa maandishi, ili daktari asibahatishe. Kwa hali nyingine, watu wenye busara watatofautiana, na watofautiane kwa hoja. Ila kwenye mjadala huu aitwe na mwanaume. Tunabishana kana kwamba mwanamke alijipa mimba mwenyewe.

Kwako wewe na mwenzio, nina matatu ya kuondoka nayo. La kwanza, ongeeni kabla. Jioni moja, simu zikiwa pembeni, ulizaneni: ikitokea, tutafanyaje? Jibu lake litakuonyesha mengi kuliko zawadi ya Valentine. La pili, uzazi wa mpango ni halali, na kinga ikipasuka vipo vidonge vya dharura. Kadiri vinavyomezwa mapema ndivyo vinavyofanya kazi, hasa ndani ya saa 72. Hivyo vinazuia mimba isitungwe, havitoi mimba. Aliyebakwa naye awahi hospitali ndani ya saa hizo hizo, apate na dawa za kujikinga na VVU.

La tatu, na ukisahau yote likumbuke hili: mwanamke akitokwa damu nyingi, akiwa na homa au maumivu makali ya tumbo baada ya mimba kutoka, kwa sababu yoyote ile, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kumtibu si kosa, huduma hiyo ni halali na ni wajibu wa kituo cha afya. Tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo–Busisi, na wa Geita anayepewa rufaa ya Bugando hasubiri tena kivuko. Kesi inaweza kusubiri, lakini damu haisubiri.

Na wewe kaka uliyeshika simu muda huu, unataka kuandika maneno mawili: yafute. Andika "nakuja".

Tukutane mwezi ujao.