Tahadhari: Klipu ya Sikio Si Badala ya Vidonge vya Sonona

Kwa watu wa Malava, hasa mnaomuuguza mwenye sonona nyumbani: mtandaoni vinauzwa vifaa vya umeme vinavyosifiwa kuwa vinatuliza msongo na kuponya sonona. Ni kijisanduku cha betri cha kutosha kiganjani, waya mwembamba na klipu ya kubana sikio. Atakayekuambia ukishakinunua utupe vidonge, usimsikize.

Sifa hizo zina chembe ya ukweli, ndiyo maana zinanasa watu. Neva iitwayo vagasi hushuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, na tawi lake dogo hufika sikioni. Ndiyo hutuliza moyo baada ya mshtuko. Watafiti wanajaribu kuiamsha kupitia ngozi, na bado wanajaribu. Kifaa cha kuiamsha ambacho Marekani ilikiidhinisha kwa sonona mwaka 2005 ni kingine kabisa: hupandikizwa kifuani kwa upasuaji, kwa watu wazima ambao dawa nne au zaidi hazikuwafaa, tena huambatana na matibabu yao mengine.

Mwenye maradhi ya moyo, kifafa au mimba asijibandike umeme huo bila daktari. Pedi za masaji za umeme nazo zisiwekwe mbele ya shingo. Presha inaweza kuanguka ghafla.

Hofu yangu kubwa ni vile vidonge vitakavyobaki kabatini. Fluoksetini au amitriptilini huchukua wiki kadhaa kushika. Ukiikatiza ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukapaa, na sonona inaweza kurudi kwa nguvu huku jamaa wakiamini mgonjwa anatibiwa kwa sababu klipu iko sikioni.

Kama kuna aliyekwisha kununua, msimgombeze. Mpelekeni yeye, kifaa na vidonge vyake hospitali ya Malava, au hospitali ya rufaa ya kaunti pale Kakamega. Muulizeni muuzaji kama Bodi ya Dawa na Sumu imekisajili, naye awaonyeshe cheti.

Mgonjwa akianza kusema heri afe, asiachwe peke yake hata kidogo. Dawa ya kunyunyizia miwa iondolewe nyumbani saa hiyo hiyo. Pigeni 1199, Msalaba Mwekundu, bila malipo. Wala msimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.