Bakteria, jeni na saratani: Tusiuze tumaini kabla ya ushahidi

Majuzi mwalimu mwenzangu alinijia na swali lililonitia simanzi. Nduguye, anayeugua saratani ya utumbo mpana, alikuwa ameshawishiwa na mchuuzi wa dawa anunue unga wa bakteria hai, kwa ahadi kwamba ungemrekebishia jeni zake. Tayari alikuwa ameanza kuahirisha siku zake za matibabu hospitalini. Je, ahadi hiyo ina ukweli? Nilimjibu kwamba imo chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoifanya kuwa ya hatari.

Tuanze na chembe yenyewe. Jeni zetu ni mfano wa kitabu cha maagizo kilichomo katika seli. Seli ya jicho na seli ya utumbo zina kitabu kimoja. Hutofautiana kwa kurasa zilizofunguliwa na zilizofungwa. Elimu ya mambo hayo huitwa epijenetiki, jina lililotungwa na Mwingereza Conrad Waddington mwaka wa 1942. Saratani haitokani tu na maandishi yaliyoharibika. Aghalabu kurasa zinazozuia seli kuzaana ovyo huwa zimefungwa ilhali zilistahili kubaki wazi.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia. Baadhi ya wale wakaao utumboni huchachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa asidi iitwayo butireti. Asidi hiyo hulisha seli za utumbo, na pia huzuia vimeng'enya vinavyosababisha uzi wa DNA ukazwe kwenye protini ziitwazo histoni. Uzi ukilegea, ukurasa uliofungwa waweza kusomeka tena.

Je, mgonjwa akipewa bakteria wa manufaa, yaani probiotiki, hali itabadilika? Mwaka wa 2017 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walichapisha matokeo ya wagonjwa 15 wa saratani ya utumbo mpana. Wanane kati yao walimeza vidonge vya bakteria wa jamii za Bifidobacterium na Lactobacillus kabla ya upasuaji. Hao walionekana kuwa na bakteria wengi zaidi wa aina zinazotengeneza butireti. Ni habari ya kutia moyo. Hata hivyo, watu wanane ni wachache mno, na kubadilika kwa bakteria si kupona. Uchunguzi huo haukuthibitisha kwamba probiotiki hutibu saratani.

Aidha, tusisahau funzo lililotoka kwetu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji nchini Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka wa 1971 kwamba saratani hii ilikuwa adimu kwa Waafrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mwaka wa 2015 wanasayansi waliwabadilishia chakula Wamarekani Weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini kwa majuma mawili. Wamarekani walipokula chakula cha kijijini, butireti yao iliongezeka, na hapakuwa na kidonge hata kimoja.

Kwa hivyo, maharagwe, mboga na nafaka zisizokobolewa zina nafasi yake katika kinga. Lakini chakula hakiondoi uvimbe ambao tayari umeota. Tena mgonjwa ambaye kinga ya mwili wake imedhoofishwa na dawa za saratani aweza, ingawa ni nadra, kuambukizwa na bakteria hao hao wanaosifiwa. Asimeze lolote kabla ya kumwuliza daktari wake.

Walimu, nawasihi tuwafunze wanafunzi wetu kutofautisha "huenda" na "imethibitishwa". Mchuuzi yule aliishi katikati ya maneno hayo mawili. Mwenzangu nilimwomba jambo moja tu: amrudishe nduguye hospitalini juma hilo hilo, unga ubaki nyumbani.