Ziara za Wanafunzi wa Kiswahili kutoka Gusii: Nani Huchagua Vituo?

Meli ya kitalii inapotia nanga katika bandari ya Mombasa, aghalabu abiria wake huwa wamekwisha kuamua watakakokwenda. Siku kadha kabla ya kufika gatini hupewa orodha ya ziara za nchi kavu: Fort Jesus na Mji wa Kale kwa miguu, Haller Park kule Bamburi, Shimba Hills, au Tsavo Mashariki kwa wale walio tayari kulipa zaidi na kuamka mapema zaidi. Muda walio nao ni mchana mmoja. Aliyechagua Tsavo hutumia sehemu kubwa ya mchana huo barabarani, akaona tembo wachache kwa mbali, akarejea. Aliyejiunga na ziara iliyoandaliwa na wenye meli hutozwa ada kubwa, ila kundi lake likichelewa meli hulingoja. Aliyejikodia teksi mjini akichelewa huikuta gati tupu. Hivyo basi, kinachowachagulia wengi kituo cha kuzuru ni hofu ya kuachwa, wala si hamu ya kujua.

Huenda msomaji akajiuliza habari za meli zina uhusiano gani na mwanafunzi wa Kiswahili wa Kisii au Nyamira, nyanda za juu ambako maji makubwa kuliko yote ni ya mto Gucha wakati wa masika. Uhusiano upo, tena wa karibu mno. Kila basi la chama cha Kiswahili linapoondoka Kisii kuelekea pwani, hufanya lile lile lifanywalo na meli, ila kwa kinyume. Meli huwatoa watu baharini wakaione nchi kavu. Basi huwatoa watu milimani wakaione bahari. Wote wawili, mtalii na mwanafunzi, wana mchana mmoja. Wote wawili hukabidhiwa orodha ambayo hawakuiandika. Na wote wawili huangalia saa kuliko wanavyomwangalia mtu aliye mbele yao.

Kutoka Kisii hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300; kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu 500 nyingine. Kwenda na kurudi basi hukata takriban kilomita 1600. Reli mpya ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, imeifupisha nusu ya pili ya safari lakini haikuigusa ya kwanza. Katika ziara ya siku tatu, mbili humezwa na barabara. Siku inayosalia hugawanywa vipande kama mkate wa msibani: asubuhi Fort Jesus, kisha picha za pamoja penye mizinga, kisha kupita upesi upesi katika vichochoro vya Mji wa Kale, kisha kivuko cha Likoni kwa ajili ya kuonja tu, kisha ufuo wa bahari, kisha Marikiti kununua halua na achari za wale waliobaki nyumbani. Jua likizama, basi linanguruma. Ripoti inayoandikwa baadaye hubeba kichwa chenye neno "uzamifu", ilhali hakuna aliyezama.

Fort Jesus ni mahali pa kuzuru, na hakuna haja ya kuidharau. Ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ikatekwa na Waomani mwaka wa 1698 baada ya mazingiwa marefu, ikageuzwa gereza na Waingereza, na mwaka wa 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Haya yote ni historia ya Afrika Mashariki, na mwanafunzi afaa kuyajua. Lakini anaweza kuyasoma maktabani akiwa Kisii, na hapotezi mengi. Asichoweza kukipata maktabani ni Kimvita kinavyosemwa na wenyewe: mama anavyomgombeza mwanawe barazani Kibokoni, muuza samaki anavyopigia bei, wazee wanavyotaniana baada ya sala ya alasiri. Mji uliomlea Muyaka bin Haji, malenga anayetajwa katika kila somo la historia ya ushairi, huanza hatua chache tu kutoka lango la ngome. Wanafunzi hupita humo kwa dakika 40, wakiongozwa na mwelekezi anayewaeleza habari za milango ya nakshi.

Hebu litazamwe jambo moja. Mzee Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa ushairi na istilahi, aliishi Mombasa kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka wa 2017. Ndiye aliyelipendekeza neno "runinga", ambalo leo hutamkwa katika kila nyumba ya Kenya, na neno "ngamizi", ambalo halikubahatika kushika kama mwenzake. Wapo wanafunzi na watafiti waliombishia hodi wakafunguliwa na kufundishwa. Lakini ni mabasi mangapi ya vyama vya Kiswahili yaliyokuwa yakipiga picha za mizinga katika miaka hiyo, huku mtunzi wa maneno yaliyomo katika mitihani yao akiwa katika mji huo huo? Mizinga ingaliko, na itakuwako. Mzee hayuko. Mwenye kuchagua kituo cha ziara sharti akumbuke kwamba jiwe husubiri na mtu hasubiri.

Watetezi wa ziara ya pwani kama ilivyo wana hoja yenye uzito. Husema kwamba mwanafunzi aliyezaliwa Borabu au Bomachoge husoma tungo zilizojaa dau, tanga, nanga, kusi na kaskazi, na vitu vyote hivyo kwake ni majina matupu. Kuyaona maji yakipwa na kujaa kwa macho yake mwenyewe humfumbulia beti nzima ambazo mwalimu angezieleza kwa wiki mbili. Hoja hii ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa. Hata hivyo, ikifuatwa hadi mwisho wake, haitetei orodha ya sasa. Kama shabaha ni tanga na kusi, basi siku nzima ipelekwe kwa wavuvi na waunda madau, mwanafunzi aulize kila ubao huitwaje, aandike, akosolewe. Ufuo mbele ya hoteli hauna msamiati huo. Ufuo huo una ngamia wa kukodiwa na vijana wanaowasalimu wageni wote "Jambo", hata mgeni mwenyewe akiwa ni mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili.

Kuna na suala la nani husafiri na nani hubaki. Ada ya ziara ya pwani, yaani nauli, malazi, chakula na viingilio, si mzigo mwepesi kwa mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu na kwa fedha za ndizi za mamake. Wenye uwezo huenda. Wasio nao hubaki bwenini, kisha huazima ripoti za waliokwenda wakazinakili. Ziara ambayo nusu ya darasa haiwezi kuilipia haistahili kuitwa sehemu ya masomo, hata kama imo katika ratiba na imetiwa saini na mlezi wa chama.

Hapa ndipo makala haya yanapogeuza uso kuelekea nyumbani. Magharibi mwa mji wa Kisii, kiasi cha kilomita 30 hivi, ipo Tabaka, chimbuko la lile jiwe laini ambalo wengi huliita jiwe la sabuni. Jiwe hilo huchimbwa kwa mikono katika mashimo ambayo mvua ikizidi huporomoka na kufukia watu. Hukatwa kwa msumeno na panga likiwa bado na unyevu, likachongwa kwa visu na patasi, likapigwa tupa. Kisha huja zamu ambayo mara nyingi ni ya wanawake: kulisugua kwa msasa ndani ya maji, kulianika, kulipaka nta hadi ling'ae. Rangi zake ni nyeupe, ya waridi, ya maziwa, ya kijivu. Kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, imesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris: ndege aitwaye Enyamuchera, ambaye kwa Abagusii ni ishara ya amani.

Mwanafunzi wa Kiswahili atajifunza nini Tabaka, mahali ambapo lugha ya nyumbani ni Ekegusii? Mengi. Biashara ya mawe huleta wanunuzi kutoka Nairobi, Mombasa na Tanzania, na wanunuzi hao hawajui Ekegusii. Hivyo mchongaji huchonga kwa lugha moja na kuuza kwa nyingine. Msumeno, tupa na msasa ni maneno ya Kiswahili. Jiwe lenyewe, rigena, ni la kwao. Mtafiti anaweza kusimama penye mpaka huo akauliza ni wakati gani hasa, katika safari ya kinyago kutoka shimoni hadi sokoni, lugha inapobadilika. Anaweza kulinganisha mti na omote, mtu na omonto, akaona nomino za lugha mbili za Kibantu zikipeana mkono katika ngeli zake. Anaweza kuwasikiliza wasemaji wa Rogoro na wa Maate, lahaja mbili za Ekegusii, na kuona kila mmoja anavyokileta Kiswahili chake. Hilo ni somo la isimujamii lisilo na kiingilio.

Na ni kinaya cha kutosha kwamba kinyago cha Tabaka husafiri mbali kuliko jirani zake wasomi. Hupangwa mezani karibu na Fort Jesus, hununuliwa na abiria wa meli, hupelekwa Hamburg au Southampton kikiwa na jina moja tu, "Kenya". Si ajabu pia kumwona mwanafunzi kutoka Gusii akikinunua pale pale, kwa bei ya pwani, awapelekee wazazi zawadi ya safari.

Mashariki, mpakani mwa Borabu katika kaunti ya Nyamira na Sotik katika kaunti ya Bomet, lipo soko la Chepilat. Upande mmoja husemwa Ekegusii, lugha ya Kibantu. Upande wa pili Kikipsigis, lugha ya Kiniloti. Lugha hizi hazisikilizani hata kidogo. Ng'ombe, maziwa, mahindi na mboga hubadilishwa mikono kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, eneo hili lilichomwa na watu wakapoteza roho. Baadaye ilibidi majirani wazungumze tena. Walizungumza kwa lugha gani? Waliombana radhi kwa maneno yapi? Neno "jirani" lilibeba maana gani kabla ya moto, na lina maana gani leo? Kila mhadhara wa mwaka wa kwanza husema kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja wa kitaifa, na wanafunzi huliandika hilo katika mtihani wakapata alama. Chepilat ni mojawapo ya mahali pachache ambapo dai hilo linaweza kupimwa, likathibitishwa au likakanushwa, kwa kukaa chini na muuza maziwa aliyeyaona yote mawili, moto na mapatano.

Vituo vingine vipo. Miamba ya Manga ina masimulizi mengi yanayosubiri kukusanywa. Habari za Otenyo, aliyemchoma mkuki ofisa Mwingereza Northcote mwaka wa 1908, na za Moraa, mama aliyemtia moyo, bado husimuliwa vijijini kwa namna zinazotofautiana, na fasihi simulizi haihitaji zaidi ya hapo. (Northcote alipona, akaja kuwa gavana wa Hong Kong, masimulizi ya Gusii hayashughuliki sana naye.) Thimlich Ohinga, boma la mawe lililojengwa bila saruji huko Migori na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2018, linaweza kuzuruwa na kurudiwa siku moja.

Haisemwi hapa kwamba pwani iachwe. Inasemwa kwamba swali litangulie basi. Kamati ya chama ikutane mwanzoni mwa muhula, iamue ni jambo gani wanafunzi wanataka kulijua mwaka huu, kisha itafute mahali ambapo jambo hilo linaishi. Likiwa ni Kimvita, waende Mombasa, wakae Mji wa Kale siku mbili kamili, wasivuke Likoni wala wasione ngamia. Likiwa ni mashairi ya baharini, waende kwa wavuvi. Kwa miaka ambayo swali ni Kiswahili kati ya watu wasio Waswahili, basi la kukodi halihitajiki. Matatu za Sotik hupita Keroka kutwa, na wachuuzi wa Chepilat huanza kupanga bidhaa zao mapema asubuhi.