Utii Usio na Dhamiri Si Fadhila





Kuna uongo mmoja ambao watu wenye madaraka huupenda kupita mwingine wowote, nao husemwa kwa sauti ya upole: "Mimi nilitekeleza tu." Karani husema hivyo, mhasibu husema hivyo, askari naye husema hivyo. Katika kurasa hizi twataka kuupima uongo huo kwa maisha ya mtu mmoja ambaye historia inamfahamu vema: Jenerali Hans Jeschonnek, Mnadhimu Mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Tumemchagua huyu kwa sababu hakuwa katili wa kupiga kelele majukwaani. Alikuwa mchapakazi, mtu wa ramani na hesabu. Ndiyo maana wapo wanaomwandika kwa huruma, wakimwita mtaalamu aliyebanwa kati ya wakubwa wawili wabaya, Hitler na Göring. Sisi twasema: huruma apewe kama binadamu yeyote, lakini udhuru huo asipewe.

Alizaliwa mwaka 1899. Vita vya kwanza vilipoanza mwaka 1914 alijiandikisha jeshini akiwa na miaka 15 tu, na baadaye akawa rubani wa ndege za kivita. Alipanda ngazi haraka. Tarehe 1 Februari 1939, akiwa hajatimiza miaka 40, alikabidhiwa unadhimu mkuu wa jeshi la anga. Miezi saba baadaye Ujerumani iliivamia Poland.

Yatupasa kuelewa kazi ya mnadhimu. Yeye harushi ndege wala haangushi bomu. Huketi mezani, huhesabu ndege na mafuta, huchora mipango na kuandaa amri ambazo wengine watazitekeleza. Mikono yake haina harufu ya baruti. Lakini je, ina maana kwamba haina damu? La hasha! Septemba 1939 jeshi lake liliushambulia mji wa Warsaw kwa mabomu. Tarehe 14 Mei 1940 moyo wa mji wa Rotterdam uliteketezwa, wakafa mamia ya raia. Bomu halikuangukia mji wowote pasipo karatasi kupita kwanza mezani pa mtu.

Tena tusidhani kwamba huyu aliburutwa akipinga moyoni. Tarehe 14 Septemba 1940, katika kikao mbele ya Hitler, ni Jeschonnek aliyeomba ruhusa ya kuyashambulia makazi ya watu mjini London, ili kuwatia raia hofu. Siku hiyo Hitler hakukubali. Alitaka silaha hiyo ya hofu iwekwe akiba. Angalieni, ndugu zangu: ombi lilitoka chini kwenda juu. Hakuna aliyemwamuru kuliomba. Hata bila ruhusa hiyo, kati ya Septemba 1940 na Mei 1941 mabomu ya jeshi lake yaliwaua raia zaidi ya 40,000 katika Uingereza.

Aliyekosa ujasiri wa kukataa uovu hakuwa na ujasiri wa kusema ukweli pia. Novemba 1942 majeshi ya Urusi yalilizingira jeshi la sita la Ujerumani huko Stalingrad, askari wapatao robo milioni. Hitler aliuliza kama wangeweza kulishwa kwa ndege. Jeschonnek alijibu kwamba yawezekana. Makamanda wa anga waliokuwa karibu na uwanja wa vita walipinga, wakaeleza kwamba ndege hazitoshi na majira ya baridi yamekwisha kuingia. Jeshi lililozingirwa lilihitaji tani 500 kwa siku. Hata lilipopunguza madai yake, lilihitaji tani 300. Wastani wa mizigo iliyofika haukufikia hata tani 150. Naye Göring alikuwa amempa Hitler neno lake, na hesabu ya kweli haikuweza tena kulishinda neno la mkubwa. Watu walikufa kwa njaa, kwa baridi na kwa risasi. Mapema Februari 1943 askari kama 91,000 walitekwa; waliorudi makwao baada ya miaka mingi walikuwa kama 6,000 tu.

Hapa ndipo wapenda udhuru wangepaswa kunyamaza. Hata tukiweka kando haki ya adui na haki ya raia, "ndiyo" ile iliwaangamiza watoto wa Ujerumani yenyewe. Mtumishi asemaye ndiyo kwa kila neno la bwana wake hamtumikii hata bwana huyo. Anaitumikia hofu yake mwenyewe.

Mwisho wake wajulikana. Julai 1943 mji wa Hamburg uliteketea kwa mabomu ya Waingereza na Wamarekani, wakafa watu zaidi ya 30,000. Na hapa haki haina upande: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, umelaani kila tendo la kivita linaloteketeza miji mizima pamoja na wakazi wake, bila kujali ni bendera ya nani iliyo juu ya ndege. Tarehe 17 Agosti Wamarekani walivishambulia viwanda vya Schweinfurt na Regensburg, na usiku uleule Waingereza wakakipiga kituo cha maroketi cha Peenemünde. Asubuhi ya tarehe 18 Jeschonnek alijipiga risasi. Wakubwa wake walitangaza kwamba amekufa kwa ugonjwa, na tarehe ya kifo wakaibadilisha. Alikuwa ameacha maneno machache: hakumtaka Göring kwenye mazishi yake, na alimtakia Hitler maisha marefu.

Roho yake twaiacha katika huruma ya Mungu. Hatukuwekwa kuwa mahakimu wa marehemu. Lakini maneno yale machache twaweza kuyasoma. Hayataji watu wa Warsaw, wala wa Rotterdam, wala wa London. Dhamiri inayoamka mpango uliposhindwa, na ambayo ililala mpango ulipofanikiwa, bado si dhamiri. Hiyo ni aibu ya mtaalamu tu.

Wengine watasema: "Angefanya nini? Angekataa, angeuawa." Jibu liko katika historia ileile. Jenerali Ludwig Beck alikuwa mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu. Agosti 1938, alipoona Hitler anakusudia kuishambulia Chekoslovakia, alijiuzulu. Hakuuawa kwa kujiuzulu. Alistaafu, na alikufa Julai 1944 kwa sababu alishiriki njama ya kumwondoa Hitler. Mlango wa kutokea ulikuwepo. Gharama yake, kwa mwenye cheo, ilikuwa cheo.

Na yuko mwingine, asiye na cheo chochote. Franz Jägerstätter alikuwa mkulima wa kijiji cha St. Radegund huko Austria, mume wa Franziska, baba wa mabinti watatu, mtunza sakristia wa parokia yake. Mwaka 1943 alikataa kushika silaha kwa ajili ya vita ambavyo dhamiri yake ilivihukumu kuwa vya dhuluma. Mapadre walimshauri aifikirie familia yake; hata askofu wake hakumuunga mkono. Nasi makleri yatupasa kulisoma hilo kwa unyenyekevu. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, siku tisa kabla ya kifo cha Jeschonnek. Mwaka 2007 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Basi mwezi mmoja ulishuhudia vifo viwili. Jenerali mwenye habari zote za vita hakuona alichopaswa kukataa. Mkulima mwenye elimu ya shule ya kijiji aliona. Tofauti haikuwa elimu. Gaudium et Spes yafundisha kwamba amri zinazopingana na sheria ya Mungu iliyo moyoni mwa mwanadamu ni uhalifu, na kwamba utii wa upofu hauwezi kumwondolea hatia anayezitekeleza. Mtume Petro alikwisha kulisema hilo mbele ya Baraza: kumtii Mungu hutangulia kumtii mwanadamu.

Ninyi mnaoshika kalamu, mihuri na funguo za ofisi, msingoje kupewa amri ya kuangusha mabomu ndipo mjipime. Orodha ikiletwa mbele yenu ambayo mnajua imemdhulumu mjane, hesabu ikiletwa ambayo mnajua ni ya uongo, mkono utakaotia sahihi ni wenu. Tieni sahihi kwenye haki, au iwekeni kalamu chini.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Ni wapi katika kazi zetu tumezoea kusema "nilitekeleza tu"?
2. Mkristo akikataa amri ya dhuluma na kupoteza kazi, jumuiya yetu itaitunzaje familia yake?