Bonasi ya Benki: Piga Hesabu Kwanza

Wasee, wiki jana binamu yangu wa Uingereza alinipigia simu usiku akiwa na swali la pesa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini siku hizi hii ndiyo kazi yangu: kusoma vitu vya kuchosha ndio nyinyi msisome.

Kuna benki ilikuwa inampa pauni 175 akihamishia akaunti yake kwao. Huko ni kawaida, benki zinanyang'anyana wateja. Lakini yeye anatunza wazee masaa machache, analea mtoto peke yake, na kwa sababu ameshapata uraia, serikali inamwongezea kitu kila mwezi kupitia Universal Credit. Akaniuliza, "Nikichukua hii bonasi, si watanikata?"

Bonasi ya kazini ni mapato. Ukishavuka kiasi wanachokuachia, wanakata peni 55 kwa kila pauni. Bonasi ya benki ni tofauti, hiyo wanaihesabu kama akiba.

Na akiba iko na mstari. Ukiwa na pauni 6,000 kushuka chini, hawakugusi. Ukipita hapo, kila pauni 250, hata kipande tu cha 250, wanahesabu kwamba inakuingizia pauni 4.35 kwa mwezi, na wanazitoa kwa malipo yako. Ukipita 16,000, umetoka kabisa.

Binamu alikuwa na 5,900. Ongeza 175, ni 6,075. Zile 75 za juu zinahesabiwa kama 250 nzima, kwa hivyo anapoteza 4.35 kila mwezi. Akiba ikikaa hapo hapo miezi 40, zimeenda pauni 174. Yaani benki imempa kwa mkono mmoja, serikali imechukua kwa mwingine.

Najua mkenya anawaza nini: si atume tu nyumbani? Hapo ndipo watu huumia. Ukitoa pesa makusudi ndio ubaki chini ya mstari, wanaweza kukuhesabia kama bado unazo. Na ile ploti yako ya Kitengela usiyoishi, hiyo pia ni mali, inahesabiwa. Lakini kulipa deni au kununua kitu unachohitaji kwa bei ya kawaida, hiyo haina shida.

Sasa maoni yangu. Hizo namba, 6,000 na 16,000, zimekuwa kwenye misaada ya Uingereza tangu 2006. Mwaka huo mimi nilikuwa sijaanza hata chekechea. Bei ya mkate imepanda, kodi ya nyumba imepanda, mstari uko pale pale. Na mkiwa wawili kwa nyumba, mstari ni ule ule mmoja. Kila mwaka unanasa mtu maskini zaidi kuliko wa mwaka uliopita, na hakuna mbunge aliyelazimika kupiga kura kumkata.

Na tusiwacheke. Hapa kwetu, SHA ikitaka kujua mtu wa jua kali atalipa ngapi, inauliza nyumba yake imejengwa na nini, choo ni cha aina gani, maji anatoa wapi. Wao wanapima akiba, sisi tunapima mabati. Mama akiezeka upya kwa pesa ya chama, kwa fomu anaweza kuonekana amepanda daraja, na mfukoni hana kitu.

Mimi sipingi kupima uwezo. Pesa ya umma haitoshi kila mtu. Lakini ukichora mstari, usogeze bei zikisonga, na umwonyeshe mtu uko wapi kabla hajauvuka. La sivyo unamfundisha maskini kwamba kuweka akiba ni kosa.

Binamu alichukua hiyo 175, akaripoti, akanunua friji. Ile ya zamani ilikuwa inavuja tangu Januari. Wewe ungefanyaje?